Tunakokaa Baada ya Saa Kumi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na mimi nimeanza kuandika jioni. Shajara hii nimeinunua mwenyewe, ya jalada gumu, kwa sababu mama wa mtu kama binti yangu hawezi kuandika mambo yake nyuma ya kalenda ya mwaka jana.

Nianze na habari zake, maana ndizo habari zenyewe. Binti yangu yuko chuo kikuu, anamalizia shahada ya pili. Narudia, ya pili. Ile ya kwanza ipo ukutani juu ya kitanda changu. Yeye anasomea muda wa watu. Si muda wa kazi, huo kila bosi anaujua. Ni ule unaobaki, ambao hakuna anayekulazimisha kitu. Anataka kujua mtu akitoka kazini anachagua kufanya nini, anakaa hapo kwa muda gani, na nini kinamwondoa. Akishawauliza watu wa kutosha anatengeneza modeli, yaani hesabu inayoigiza watu, ili ajue hata wale ambao hakuwauliza watakwenda wapi.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilielewa palepale. Nikamwambia ni kama fundi cherehani. Hawezi kuupima mji mzima, kwa hiyo anapima wachache, anakata kielelezo cha karatasi, kisha anashona magauni yanayowaenea na wale asiowaona. Akasema, "Hivyohivyo, Mama. Mradi watu wasibane tumbo nikiwapima." Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Na agonge. Kwake hakuna wa kucheka naye.

Wiki ijayo anakuja kuwauliza wafanyakazi wa kiwanda chetu cha kufulia. Nimeshawaambia wote. Wale waliojifanya hawakusikia nimewaambia tena.

Jumanne, 5 Machi

Bi Wanga ameniuliza mbele za watu kama hiyo kazi ya kuuliza watu wanashinda wapi jioni inahitaji chuo kikuu kweli, maana shemeji yake anaifanya bure. Nikamjibu kwamba shemeji yake anaulizia wake za watu, binti yangu anaulizia sayansi.

Huyu tunamwita Bi Wanga kwa sababu ndiye anayetia wanga mashuka ya hoteli, wala si kwa sababu nyingine, ingawa kuna siku namtazama nakosa hakika. Meza yake imepakana na yangu ya pasi. Ana mwana anayeuza simu, na anavyomsifu utadhani ndiye aliyezivumbua.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Nje hakukauki hata kitambaa cha mkono, mashuka yote yanaingia chumba cha kukaushia. Hicho chumba nikieleze, kwa sababu meneja, Bwana Funguo, ameanza tena kukipigia kelele.

Kiko nyuma ya kiwanda, kimepakana na boila. Mabomba ya mvuke yanapita chini ya ukuta, mashuka yananing'inia juu, na kuna joto kavu linaloingia mpaka ndani ya magoti. Kengele ya saa kumi ikilia, kila mtu yuko huru kwenda kwake. Hatuendi. Tunageuza vikapu vya nguo tunavikalia, tunavua viatu, tunatega miguu kwenye bomba. Fundi wa boila analeta ubao wake wa drafti na kuwaibia watu kete. Bi Wanga anawasuka wasichana wa kufua, anavuta nywele kama anayedai kisasi. Mimi nasimulia habari za binti yangu, kwa sababu lazima awepo mmoja wa kusema jambo la maana. Tunakaa mpaka giza linakaribia.

Wengine wanakaa kwa shida zao. Fundi wa boila chumba chake kinavuja. Bi Wanga anaishi kwa mwanawe, na mkwe akimwona anaongeza sauti ya redio. Mimi sina shida ya pa kukaa. Kwangu ni pakavu, nina taa nzuri na kiti chenye mto. Mimi nakaa hapo kwa ajili ya magoti tu.

Jumatatu, 11 Machi

Jina la Bwana Funguo tumempa sisi. Unamsikia kabla hujamwona, funguo zote za kiwanda zimo kiunoni. Leo mchana amesimama katikati ya meza akatangaza kwamba mtafiti wa chuo kikuu anakuja, na kwamba yeye ameruhusu kwa sharti moja: aambiwe wafanyakazi wake wanafanya nini baada ya kengele. Amesema boila inachoma mafuta mpaka jioni kwa ajili ya kile chumba cha nyuma, naye anataka kujua kina faida gani. Kisha akaondoka, funguo zikimcheka.

Pale kila mtu alielewa. Anatafuta wavivu. Tulipokusanyika kwenye joto hakuna aliyetoa hata kete moja. Basi mimi ndiye niliyesimama, maana wengine wote walikuwa wametazama miguu yao. Nikawaambia: "Jamani, huyu anatafuta sababu. Akisikia tunakaa humu kupiga soga, kesho mtakuta kufuli. Na mimi sitaki mwanangu awapeleke chuoni mkiwa watu wa kusukana na drafti. Kila mtu aseme akitoka saa kumi anakwenda kufanya jambo la heshima."

Fundi wa boila akauliza jambo la heshima ndiyo lipi. Nikafikiri kidogo, nikasema kutembelea wagonjwa. Nani atakataza watu kutembelea wagonjwa? Akauliza kwa muda gani. Nikasema saa moja, mgonjwa asichoke.

Bi Wanga akasema yeye hawezi kudanganya ili kumpamba mtoto wa mtu. Nikamwambia basi aseme ukweli, tufungiwe, na watu wote wamjue aliyewafungia. Akanyamaza. Sikumbuki lini nilimnyamazisha yule mwanamke kwa mara ya mwisho. Nimerudi nyumbani naimba.

Jumatano, 13 Machi

Amekuja. Miwani, viatu vya kufunga, kishikwambi mkononi. Akamwamkia kila mkubwa shikamoo, hata yule mlinzi ambaye haitikii mtu. Nilimtembeza meza hadi meza kama bibi harusi mpaka akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, niache nifanye kazi."

Alikaa chumba cha chai, akawaita mmojammoja. Mimi nilikuwa napita hapo kwa bahati. Nilimsikia Fundi wa boila akisema anatembelea wagonjwa. Binti yangu akamuuliza wodi gani. Akajibu, "Zote."

Bi Wanga alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Alipotoka alinipita, akasema, "Nimemaliza na mwanao. Kafanana na baba yake." Nimeiweka hiyo. Nitamlipa.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Aliniuliza kama anavyomuuliza mgeni: ukitoka kazini unakwenda wapi. Nikasema natembelea wagonjwa, halafu nakwenda nyumbani kusoma gazeti. Akaniangalia juu ya miwani.

"Wagonjwa gani, Mama?"

"Wanaoumwa."

Akasema hakuna jibu baya, yeye anataka la kweli tu. Nikamwambia mwanangu, andika. Akaandika.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Bega linauma.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda kwa fundi cherehani kupimwa gauni la mahafali ya binti yangu, la zambarau, lenye mikono mirefu. Nilibana tumbo kidogo. Hakuna asiyebana.

Bi Wanga kauliza nimechagua rangi gani. Nilipomwambia akasema zambarau inampendeza mwenye shingo.

Jumatano, 3 Aprili

Leo kengele ililia tukaenda nyuma kama kawaida, tukakuta kufuli. Jipya, la shaba, kubwa kama ngumi. Bwana Funguo alikuwa kando yake na karatasi mkononi, uso umenawiri.

Akatuambia alikuwa amekusudia kutuwekea mabenchi. Ndiyo, mabenchi, ya kuegemea, na birika la chai. Alidhani tunakipenda kile chumba, na mfanyakazi aliye na mahali pa kupumzika hakimbilii kiwanda kingine. Alitaka tu kupata uhakika kabla ya kutumia pesa. Sasa chuo kikuu kimempa uhakika: hakuna anayekaa humo. Boila itazimwa kengele ikilia. Kisha akatusifu. Amesema hajawahi kuwa na wafanyakazi wenye huruma kama sisi, kila jioni wako wodini.

"Mama Profesa," akaniambia mbele ya wote, "mwanao ana akili sana."

Akaondoka. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Vichwa vikaanza kunigeukia, kimoja, kingine, mpaka vyote. Nikawaambia wamshukuru Mungu, angalau hakuna aliyefukuzwa kazi.

Bi Wanga akasema, "Angetuwekea mabenchi." Hilo tu. Akachukua mkoba wake.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Hakuna aliyeitikia salamu yangu.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekuta waya wa pasi yangu umefungwa mafundo. Kikombe changu cha chai kimewekewa wanga mpaka kikaganda. Wasichana wa kufua wananirundikia mashuka yaliyokamuliwa nusu, yanachuruzika mezani mpaka kwenye viatu vyangu. Wakipita nyuma yangu mmoja anauliza kwa sauti, "Unakwenda wapi?" na mwenzake anajibu, "Kutembelea mgonjwa." "Nani huyo?" "Mama Profesa, kichwa kimemvimba." Kiwanda kizima kinakohoa kwa kicheko.

Nimewajibu. Mimi si wa kuchezewa na watoto. Huyo wa kwanza nimemwambia asuke hizo nywele kwanza ndipo afungue mdomo, kichwa kimekuwa kama brashi ya chooni. Nikajua nimekosea njia nilipoona Bi Wanga ameinua uso. Tangu kufuli liwekwe hakijasukwa kichwa hata kimoja, na mimi ndiye nimelisema.

Lakini nani aliwakinga? Nani alifikiri wakati wao wametazama miguu? Huu ndio uzuri wa watu. Nimewapikia akili yangu bure, sasa wananitemea. Fundi wa boila na alale chini ya matone yake. Bi Wanga na akasikilize redio ya mkwewe. Mimi nina gauni la kuvaa.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo sikuzubaa. Kengele ilipolia nimekwenda moja kwa moja nyumbani. Nimefagia. Nimekaa kwenye kiti chenye mto. Nimefagia tena.

Alhamisi, 18 Aprili

Bi Wanga amenisubiri wenzetu walipokwenda kunywa chai. Alikuwa amenitilia shuka wanga mwingi hata likasimama lenyewe kama mlango, pasi inateleza juu yake. Nikamuuliza ndiyo kazi gani hiyo. Hakujibu la shuka.

"Mwambie mwanao ukweli," akasema. "Akiongea na Bwana Funguo, kesho mlango uko wazi."

Nikamwambia kazi ya binti yangu imeshapelekwa kwa walimu wake. Akiivuruga sasa hatamaliza mwaka huu.

"Kwa hiyo sisi tunyeshewe, wewe uvae gauni."

Nikamwambia ndiyo. Nikaongeza kwamba hata yeye angekuwa na mtoto wa kuvaliwa gauni angefanya hivyohivyo, ila wa kwake mahafali yake ni kufunga kibanda jioni.

Nilidhani atanirudishia. Yule mwanamke ana ulimi unaoweza kumenya embe. Alichukua shuka jingine akalichovya, na nikaona vidole vyake vimepasuka, vyeupe mpaka kwenye kucha. Kabla ya kufuli alikuwa anavipasha moto kwenye bomba. Sasa anavipasha wapi?

Nimemshinda tena. Sijarudi naimba.

Jumamosi, 27 Aprili



Binti yangu amekuja bila kupiga simu. Matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Hakuvua mkoba, hakuketi. Nikakimbilia kuweka maji ya chai, akasema, "Usihangaike. Sikai."

Akaniambia kilichotokea. Mwalimu wake alisimama mbele ya wanafunzi wenzake akasoma habari za kiwanda chetu. Akauliza kama hospitali za mji huu zina wagonjwa wa kutosha. Chumba kizima kilicheka. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ubaoni, hana pa kuficha uso.

"Nimewauliza watu wa gereji," akasema. "Nimewauliza walimu, wauza duka. Huyu anakaa dakika kumi, mwingine anasahau mpaka usiku. Huyu mpira, huyu usingizi. Kwenu ninyi, wote kwa wagonjwa, wote saa moja. Watu hawako hivyo, Mama. Hakuna kitu duniani ambacho watu wote wanakifanya kwa muda mmoja."

Nikamwambia huyo mwalimu ana wivu. Nikamwambia mtu msomi hatikisiki kwa kicheko. Aliniacha mpaka nikamaliza, halafu akauliza nani aliwafundisha kusema hivyo.

Nilisema Bi Wanga.

Lilitoka lenyewe. Lilikuwa mdomoni tayari kama tonge. Binti yangu alivua miwani, na bila miwani ana uso uleule aliokuwa nao akiwa na miaka sita, nikimwambia sindano haiumi.

"Bi Wanga," akasema, "ndiye peke yake aliyeniambia kwamba mnakaa chumba cha kukaushia."



"Aliniambia mnafanya nini humo, nani anaiba kete, nani anasukwa. Aliniambia wewe unakaa kwenye kikapu cha karibu na mlango, unasimulia habari zangu, na kwamba amezisikia mpaka anaweza kunilea. Nikamtoa kwenye hesabu. Jibu lake halikufanana na la mtu mwingine yeyote, nikadhani amechanganyikiwa. Nikadhani anakusingizia. Nikakuamini wewe."

Nikasema nilitaka waonekane watu wa maana. Nikasema niliogopa kufuli.

"Mlibana tumbo, Mama. Kiwanda kizima. Na mfundishaji ni wewe." Kisha akauliza, na hapo sauti yake ilikuwa imeshuka, "Hivi kwa nini hukuwa unarudi nyumbani tu?"

"Nyumbani kuna nini?"

Nilikuwa sijajua kama ndilo jibu mpaka nilipolisikia. Aliangalia kiti chenye mto. Aliangalia shahada yake ukutani. Akavaa miwani, akatoka. Maji ya chai yalichemka mpaka yakakauka sufuriani.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 6 Mei

Kuna jambo sikuliandika kwa sababu lilionekana la kipuuzi. Tangu mlango ufungwe, watu hawaendi makwao. Kengele inalia, wanazunguka nyuma, wanasimama chini ya upenu mbele ya lile kufuli. Ukuta unabaki na uvuguvugu kidogo kabla boila haijapoa. Fundi wa boila anaegemea, ubao wa drafti kwapani, haufunguliwi. Na mimi, tangu siku ile niliyofagia mara mbili, nimekuwa nakwenda pia. Nasimama ncha ya pili, karibu na mapipa ya taka. Hakuna anayeniangalia. Siwaangalii.

Leo nilikuwa hapo. Sikujua kwamba binti yangu alikuwa kwenye kibanda cha mlinzi tangu mchana, anatutazama tu. Nilimwona anavuka madimbwi kuja kwangu, nikajua anakuja kunivunjia heshima mbele yao. Nikanyoosha shingo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Unafanya nini hapa?"

"Nasubiri mvua iishe."

Akatoa mkono nje ya upenu, kiganja juu. Akakaa hivyo kidogo. Kisha akanionyesha kiganja: kikavu.

"Imeisha, Mama. Imeisha muda mrefu."

Nikatazama wenzangu. Wote walikuwa wamejibana ukutani kama kuku, mbele yao uwanja mkavu. Ama hakuna aliyekuwa ameona, ama wote walikuwa wameona.

Binti yangu akaenda kwa Bi Wanga. Akamwamkia, akamwomba radhi kwamba alimtoa kwenye hesabu. Bi Wanga akasema, "Nimezoea." Hakusema kwa ubaya. Nadhani. Kwa yule huwezi kuwa na hakika.

Halafu binti yangu akafunga mkoba wake akasema anakwenda ofisini kwa meneja. Nikamshika mkono. Nikamwambia akisema, mwaka huu amekwisha, mahafali hana. Akasema anajua. Alisema kirahisi sana, kama mtu anayeambiwa amevaa soksi tofauti, na hapo ndipo niliposhikwa na hasira. Si kwake. Nilimwambia asimame hapohapo. Uongo ulikuwa wa kwangu, haiwezekani aupeleke yeye.

Nilimkuta Bwana Funguo anakula karanga. Nikamwambia sayansi haina kosa, kosa ni la kwangu mimi, na kwamba wagonjwa waliopo ni sisi wenyewe. Akauliza kama namwambia kiwanda kizima kilimdanganya. Nikamwambia kiwanda kizima kasoro mmoja, na kama anataka kuona tulikokuwa tunakaa aje aone tunakosimama.

Alikuja. Funguo zake zilipolia kona ya nyumba hakuna aliyekimbia. Alituona tumepangana mbele ya kufuli lake, jua limetoka. Alitazama sana. Alisema hawezi kuchoma mafuta kwa maneno ya waongo. Kisha akamgeukia binti yangu: chumba kitafunguliwa, mtafiti akae humo aone mwenyewe nani anakaa na kwa muda gani, na asimuulize mtu chochote. Hasa mama yake.

Fundi wa boila akasema kwa sauti, "Hilo ndilo neno la kwanza la akili nimelisikia humu." Watu wakacheka. Sikucheka. Lakini sikuwajibu pia.

Ijumaa, 10 Mei

Chuo kimekubali arudie sehemu ya kiwanda. Mahafali ni mwaka kesho.

Gauni lilikuwa tayari. Nimelivaa kwa fundi cherehani, halifungi nyuma. Akasema vipimo ni vyangu mwenyewe. Nimemwambia aliachie kiunoni, wakati upo.

Bi Wanga kauliza gauni liko wapi. Nikamweleza. Akasema aliachie zaidi, mwaka kesho nitakuwa nimevimba. Ndiyo mara ya kwanza anasema nami tangu wiki ile ya shuka. Nikamwambia hata yeye nitamkatia kitambaa kinachobaki, kitamtosha mdomo.

Ijumaa, 17 Mei

Chumba kiko wazi. Hakuna mabenchi, hayo Bwana Funguo ameyasahau kwa makusudi. Vikapu ni vilevile.

Binti yangu anakuja kila jioni, anakaa pembeni na kishikwambi chake. Siku za mwanzo kila mtu alikaa wima kama anapigwa picha. Fundi wa boila alicheza drafti bila kuiba, akafungwa na kila mtu. Jana ameiba tena, nikajua mambo yametulia.

Leo Bi Wanga alikuwa na kichwa cha msichana magotini. Nilipoingia alisogeza kikapu kwa mguu, kile cha karibu na mlango, bila kuniangalia. Akamwambia binti yangu, "Andika: huyu anakaa humu kwa sababu kwake hana wa kumsikiliza." Nikamwambia binti yangu andika na huyu: anakaa humu kwa sababu kwake wanaongeza redio. Wote wawili tulikuwa tumesema kweli, kwa hiyo hakuna aliyeweza kukasirika vizuri. Binti yangu hakuandika. Alisema hiyo haingii kwenye hesabu, yeye anaandika saa tu.

Baadaye alizima kishikwambi akakitia mkobani. Amemaliza, nikajua, sasa atasimama aende hosteli kwake. Badala yake alifungua kamba za viatu. Akavivua, akageuza kikapu, akatega miguu kwenye bomba karibu na ya kwangu. Soksi zake zina tundu kwenye kidole gumba. Nitamshonea, lakini sikusema mbele za watu.

Nikaanza kumsimulia msichana mgeni wa kufua habari za binti yangu wa chuo kikuu. Bi Wanga akapumua kwa nguvu. Binti yangu alikuwepo hapohapo anasikiliza, akanisahihisha mahali pawili.

Giza lilianza kuingia. Kazi yake ilikuwa imeisha muda mrefu. Sikumuuliza anasubiri nini.